Siki ya Wifi Asteria

Katika Ushirombo nzima hakuna mwanamke aliyejua kutangulia na kikapu cha vipaji, yale matoleo ya misa, kanisani kama Salvina. Haya, Ushirombo nzima nimezidisha. Ni kigango kimoja tu, kanisa dogo chini ya parokia, na kwa miaka kumi na moja hakuna mwingine aliyekitaka kikapu hicho, maana ni kizito na vijiti vyake vinachoma utosi.

Lakini mwaka huu ni jubilei, askofu anakuja. Na mwaka huu wifi yake Asteria amepungua.

Asteria, mke wa kaka yake Bujiku, alikuwa mama wa kujaza benchi. Akipanda ngazi za kanisa alisimama katikati kama anasoma tangazo, kumbe anatafuta pumzi. Sasa kiuno kimerudi, uso unang'aa, na akina mama wameanza kunong'ona kwamba huyo ndiye wa kutangulia mbele ya askofu.

"Ni siki ya matufaha, wifi," Asteria alimweleza siku wanapepeta mchele wa sherehe. "Kuna tabibu Kahama, Bartholomeo, anafuata Ayurveda, ile tiba ya asili ya Wahindi. Kabla hajauliza unaumwa nini, anataka kujua wewe ni mtu wa namna gani. Akanishika mshipa, akatazama ulimi, akasema mimi ni wa maji na udongo: mzito, wa baridi, chakula kinalala tumboni. Basi kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya uvuguvugu, na asali kidogo, kabla ya kula. Ule uchachu unaamsha moto wa tumbo."

"Na mimi je?"

"Wewe?" Asteria akasita. "Wewe mwembamba, una kiungulia, na hasira zako ziko mlangoni. Wewe ni moto mtupu. Nilikuulizia, akasema mtu wa hivyo asiiguse kabisa, ni kumwagia mkaa petroli. Wewe kunywa maziwa."

Hapo wivu ukamkaba Salvina. Kiuno cha wifi angekivumilia. Lakini hata dawa nayo imemchagua Asteria, yeye imemkataa!

"Nani anataka maji yenu ya betri?" akapaza sauti, ungo mkononi, akina mama wote wasikie. "Mimi nimekuzwa kwa mtindi, na mtindi ndio nitakaokunywa mpaka nazikwa."

Jumatatu yake akamtuma kondakta wa basi la Kahama amletee chupa mbili. Nyumba yake haina siri, wajukuu wanafunua kila chungu, basi siki yote akaimimina kwenye kibuyu cha mtindi kilichokuwa kitupu na kukining'iniza nyuma ya mlango. Na kwa kuwa Asteria alikunywa kijiko, yeye akanywa kikombe. Asubuhi na jioni.

Jumamosi, Ritha, mwenyekiti wa akina mama, akaja na Asteria kukata shauri la kikapu. Wakamkuta Salvina amekaa upande, mkono kifuani, jasho linamtoka.

"Mama, mbona hivyo? Utaweza kesho?" Ritha akauliza.

"Nitaweza! Ni mtindi tu, umechacha kidogo." Akacheua, akafumba mdomo kwa khanga.

"Mtindi wako sifa zake tumezisikia," Ritha akacheka. "Na wageni wa nyumba hii tangu lini wanaondoka bila kuonja?"

"Umekwisha. Kibuyu kitupu."

Ritha, ambaye humo ndani ni kama kwake, alishakitungua. Akakitikisa. Kikacheza, chubwi, chubwi. Akamimina kikombe. Ikatoka rangi ya chai ya rangi, na harufu ikawapiga wote watatu.

"Hayo," Salvina akasema, "ni maji ya juu ya mtindi. Mazito yako chini."

Asteria akaonja kwa ncha ya ulimi, akatua kikombe taratibu.

"Wifi," akasema, "ng'ombe wako siku hizi anachungwa kwenye matufaha?"