Nani Amenihamisha?

Mdogo wangu ni fundi wa mageti, na mtu anayeshinda akipima vyuma huwezi kumzuia asipime na Neno la Mungu. Nilipofikia kwake safari hii, nilikuta amechora ratiba kwa chaki kwenye mlango wa stoo: asubuhi kabla ya chai, kusoma; jioni baada ya kuoga, maswali. Jina lake upande huu, la mkewe upande ule, na tiki kwa kila anayemaliza. Mimi mgeni alinibandika chini kabisa, karibu na kitasa.

"Kaka, na wewe utasoma. Hapa halali mtu bure."

Nikasoma. Yeye alikuwa akifuata mstari kwa kidole chenye kovu la moto, midomo ikicheza, na akifika mwisho wa sura anapumua kama aliyeshusha gunia. Shuleni hakukaa sana. Kumaliza Biblia nzima ilikuwa hamu yake ya siku nyingi, na sikuona cha kucheka hapo.

Mkewe alianza vizuri, kisha akakwama. Alikwama kwenye Injili, tulikoanzia kusoma, pale inapoelezwa kwamba ukipeleka sadaka ukakumbuka mwenzako ana neno nawe, uiache kwanza, uende mkapatane. Kila asubuhi alifungua palepale, akapatazama, akafunga.

"Mama, unatuangusha," mdogo wangu akamwambia. "Hata kaka na miwani yake ya kufungwa uzi amekupita."

"Mwache anipite. Shemeji hana ugomvi na mtu, maana hakai mahali ukaiva."

Nilicheka. Ni kweli.

Jambo lenyewe nililijua. Siku ya mazishi ya mama yetu, dada yetu alimwambia huyu shemeji yangu mbele ya watu kwamba mama amekufa mchafu mikononi mwake. Huyuhuyu shemeji aliyemuuguza mpaka mwisho! Mdogo wangu alikuwa amesimama hapohapo, hakufungua mdomo. Tangu siku ile mawifi hao hawasalimiani, na habari hiyo ikiguswa tu nyumbani, fundi hukumbuka kazi karakana.

Asubuhi moja shemeji alifungua Biblia yake, akakuta utepe wa kuwekea alama uko mbele kabisa, katikati ya miujiza. Na mlangoni jina lake lina tiki mfululizo.

"Nani amenihamisha?"

Mdogo wangu akapuliza chai iliyokwisha poa.

"Fundi, nakuuliza wewe."

"Nilikusogeza kidogo tu. Ili twende pamoja."

"Geti likikataa kufunga, unalipaka rangi ukamkabidhi mwenyewe?"

"Aa, hapana."

"Basi na mimi sijafunga. Nikisoma hapa naona mlango wa wifi yangu tu. Nataka kwenda, naogopa. Nikienda peke yangu itakuwa kama nakwenda kukiri kwamba sikumwogesha mama." Akamgeukia mumewe. "Na wewe unajua. Maji ulikuwa unanichotea wewe."

Nikadhani sasa karakana itakumbukwa. Mdogo wangu akaingia chumbani, akatoka amevaa viatu vya kanisani.

"Jiandae twende. Kaka, na wewe."

Dada yetu ana saluni. Tulimkuta amemwinamisha mteja kwenye beseni, mikono imejaa povu. Alituona kwenye kioo, hakugeuka.

"Msafara wote huu wa nini? Mmeleta posa?"

Shemeji alifungua mdomo, lakini mumewe akamtangulia.

"Dada, nimekuja kusema nilichonyamazia msibani. Mama aliogeshwa kila siku. Maji nilichota mimi, huyu akamwosha, mpaka asubuhi ile ya mwisho. Ulipomsema nilisimama kama nguzo. Nilikuogopa."

Mkono wa dada yetu ukasimama juu ya kichwa cha mteja.

"Mimi sikuja kumwogesha hata mara moja," akasema, bado anatazama kioo. "Nilikuwa natafuta wa kumtupia lawama."

"Povu linaniingia machoni," mteja akasema kutoka ndani ya beseni, "lakini endeleeni tu."

Dada yetu akacheka, kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa bega. Ndipo akatugeukia.

"Wifi, nisamehe. Na unishikie hilo jagi, tafadhali, huyu asije akapofuka."

Shemeji akakunja mikono ya gauni, akaanza kumimina.