Mume Anayepika

Kazi hiyo ilitolewa na Mchungaji Wechuli siku ya kufungua semina ya ndoa, katika kanisa lao dogo la Migosi, na wanaume walianza kucheka kabla hajamaliza kusema. Kila mume, alisema, ampikie mkewe chakula kimoja kwa mikono yake mwenyewe. Wasinunue hotelini wakaja kukihamishia kwenye sahani za nyumbani. Wapike.

Oketch hakucheka. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kiti cha abiria akiwaambia wengine la kufanya, na aliamini hakuna kazi ngumu kwa mtu anayefuata maagizo. Mkewe, Rosa, alikuwa akishona sare za shule kwenye kibanda chake sokoni Kibuye. Jioni alirudi mabega yakimuuma, mkononi ana mboga, akaingia jikoni moja kwa moja. Ilikuwa hivyo tangu waoane, na Oketch hakuwahi kuliona kuwa ni jambo la kuzungumzwa.

"Nitakupikia," alimwambia wakitoka kanisani.

"Utapika nini, Baba Awuor?"

"Si ugali. Ugali kila mtu anapika."

Rosa alihamisha Biblia kutoka kwapa moja hadi lingine, wakaendelea kutembea.

Oketch alichagua steki. Kwenye simu alikuwa ameona video za wanaume wenye ndevu na visu virefu, wakikaanga vipande vya nyama vinene kama matofali, na hakuna hata mmoja wao aliyevaa aproni ya maua. Huo ulikuwa upishi ambao mwanamume mwenye heshima zake angeweza kuufanya pazia la jikoni likiwa wazi.

Buchari iliyokuwa karibu na nyumbani ilikuwa ya kijana aitwaye Opiyo.

"Nipe steki," Oketch alimwambia.

Opiyo alilielewa neno hilo kama linavyoeleweka katika buchari zote za Kisumu: nyama isiyo na mfupa. Akaitupa kwenye gogo, panga likaanza kazi. Kabla Oketch hajafungua mdomo, nusu ilikuwa tayari kwa mchuzi.

"Wacha kwanza. Usikatekate. Nataka kipande kizima, kinene cha vidole viwili hivi."

"Hivyo nzima nzima?" Opiyo alisimamisha panga. "Mzee, hiyo itaiva saa ngapi?"

"Haitakiwi kuiva sana."

Opiyo aliifunga nyama kwenye karatasi bila kuuliza zaidi, kwa upole, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Jaribio la kwanza lilikwenda vibaya. Oketch aliitoa nyama kwenye friji ikiwa bado baridi na imelowa, akaitumbukiza kwenye mafuta mengi ndani ya kikaango chembamba cha mayai, kisha akaigeuza kila alipopata wasiwasi, na alikuwa na wasiwasi wakati wote. Moshi ulijaa sebuleni ukatoka hadi kwenye ngazi. Jirani yao wa mlango wa pili, Mama Nakhungu, alikuja na beseni la maji akiuliza ni wapi panapoungua. Nyama ilipofika mezani ilikuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Awuor, binti yao wa kidato cha tatu, alitazama kilichokuwa kikitiririka kwenye sahani akaomba mkate.

Rosa alitafuna kipande chake kwa muda mrefu.

"Asante," alisema. "Umejaribu."

Neno hilo lilimuuma Oketch kuliko matusi. Ndilo alilowaambia yeye mwenyewe wanafunzi waliogonga nguzo siku ya mtihani.

Kwa hiyo akakaa chini akajifunza. Alinunua kikaango kizito cha chuma ambacho Rosa alikiinua kwa mikono miwili. Alijifunza kumwomba Opiyo nyama ya mgongoni yenye mafuta kidogo pembeni, na kuiacha ilale kwenye friji siku kadhaa bila kufunikwa, jambo lililofanya maziwa ya Awuor yanuke ng'ombe mzima. Alijifunza kuitoa mapema ubaridi uishe, kuipangusa hadi ikauke kabisa, kuipaka chumvi bila woga, na kungoja chuma kipate moto hadi tone la maji likianguka linakimbia. Kikubwa zaidi alijifunza kutoigusa. Alisimama mbele ya jiko mikono nyuma, midomo ikisogea, kama anamwelekeza mtu arudi nyuma polepole kwenye kona nyembamba. Aliigeuza mara moja. Kisha akatia siagi, vitunguu saumu vilivyopondwa na kijiti cha rosemeri alichochuma kwenye ua wa kanisa, akawa anaiogesha nyama kwa kijiko. Mwishowe aliiweka ubaoni akakataza mtu yeyote kuikaribia mpaka ipumzike.

"Nyama inapumzika?" Rosa aliuliza. Alikuwa bado na viatu vya sokoni miguuni.

"Ikikatwa sasa hivi maji yote yanatoka. Iache itulie."

Alipoikata, kwa kukingama nyuzi za nyama, nje ilikuwa na gamba la kahawia linalong'aa, na ndani ilikuwa ya rangi ya waridi kutoka upande hadi upande. Rosa alikitazama kile kipande kwenye uma kwa mashaka. Akala. Akafumba macho kidogo, akachukua kingine bila kuambiwa.

"Hii ni tamu," alisema, na alisema kweli. Ilikuwa nyama tamu kuliko yoyote aliyowahi kula, na ilipikwa na mumewe, jikoni kwake. Usiku huo alilala akiwa na furaha. Mtu asije akasema hakushukuru.

Jumapili iliyofuata Oketch alisimama kutoa ushuhuda. Alieleza juu ya kikaango, siagi na kupumzika kwa nyama, na kanisa likapiga makofi. Mchungaji Wechuli alisema hivyo ndivyo Kristo alivyolipenda kanisa. Wanawake walimzunguka Rosa nje.

"Rosa, Mungu amekukumbuka," mmoja wao alisema. "Wangu hajui hata kiberiti kinawekwa wapi."

Ikawa kila Jumamosi kuna wageni. Wazee wa kanisa walikuja na wake zao, walimu wenzake Oketch nao wakaja, na siku moja Mchungaji Wechuli mwenyewe alifika. Oketch aliwapokea akiwa na kitambaa begani, akawasimamisha mlangoni mwa jikoni waangalie. Rosa alikuwa ameshaamka mapema. Viazi alimenya yeye, kachumbari alikata yeye, na ugali alisonga yeye, kwa sababu kipande cha nyama hata kikiwa kitamu namna gani hakimshibishi mtu mzima wa kutoka Kano. Wageni walipoondoka, alisugua mafuta yaliyoruka kwenye kuta. Kikaango hakikuruhusiwa kuguswa na sabuni. Oketch alikipangusa mwenyewe kwa chumvi, kwa heshima kubwa, na hicho ndicho chombo pekee alichokisafisha.

Jumamosi moja mke wa mzee wa kanisa alimkuta Rosa akipita na beseni la vyombo.

"Wewe una bahati," alimwambia. "Unakaa tu, bwana anapika."

Rosa aliliweka beseni chini. Alifikiri atacheka, lakini kicheko hakikuja.

Basi ikafika siku ya kufunga semina. Mchungaji Wechuli aliwaita Oketch na mkewe mbele kama mfano wa kuigwa. Oketch alizungumza kwanza, akaeleza jinsi alivyogundua kwamba kupika si kazi bali ni furaha. Watu wakasema amina. Kisha kipaza sauti kikapewa Rosa, ambaye kwa kawaida hakusema zaidi ya "Bwana asifiwe" na kukirudisha.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mmemsikia Baba Awuor. Kupika ni furaha yake. Mimi nimeomba juu ya jambo hili, nikaona nimekuwa mchoyo. Miaka yote hii nimekula furaha hiyo peke yangu, kila jioni. Kwa hivyo kuanzia kesho jikoni ya jioni ni yake. Sitamzuia tena."

Kanisa lilisimama. Oketch alikuwa akitabasamu wakati anaanza kusikiliza, na kwa kuwa watu wote walikuwa wakimtazama, hakupata nafasi ya kuacha.

Njiani alimuuliza, "Hukuweza kuniambia nyumbani kwanza?"

"Nyumbani hakuna kipaza sauti," Rosa alijibu.

Oketch angeweza kukataa, lakini kesho yake Mchungaji alimpigia simu kumtia moyo, na wazee wawili wakatuma ujumbe. Oketch akasonga ugali. Ulitoka na madonge, na katikati ulikuwa unga mkavu. Siku iliyofuata ulikuwa uji. Sukuma wiki aliikata vipande vipana kama majani ya kulisha ng'ombe. Hakukuwa na video ya wanaume wenye ndevu wakisonga ugali, alitafuta. Aligundua kwamba chakula cha jioni kinakuja kila siku, hata siku ambayo mwanafunzi amekuvurugia klachi mchana kutwa na kichwa kinagonga.

Siku moja dada yake mkubwa, Aoko, alifika kutoka Usenge na mfuko wa omena. Alimkuta kaka yake jikoni na mwiko mkononi, Rosa ameketi sebuleni miguu juu ya stuli.

"Owadwa, ndugu yetu," Aoko alisema polepole, "Rosa anaumwa?"

"Haumwi."

"Amekufukuza kitandani?"

"Ni mambo ya kanisa, dada."

Aoko alimtazama Rosa, akautazama mwiko, akawaza juu ya kanisa hilo. Mama yao alikuwa akiwafukuza wavulana jikoni kwa fimbo. Lakini Oketch alipoanza kumwaga omena kwenye sufuria kama zilivyotoka mfukoni, uchungu wa mwanamke aliyekausha omena maisha yake yote ulizidi uchungu wa mila.

"Utatulisha mchanga," alisema, akavuta kiti. "Zioshe na maji moto kwanza. Tena. Sasa zikaange zikauke, ndio utie kitunguu. Nyanya baadaye. Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana."

Omena zilitoka vizuri, na ugali wa siku hiyo ulishikana. Oketch aliandaa meza akaketi. Walikula. Aoko alizungumzia bei ya samaki na mazishi ya jirani. Awuor alizungumzia mtihani wa kemia. Sahani zilibaki nyeupe.

"Hamjasema kitu," Oketch alisema hatimaye.

"Kuhusu nini, Baba?" Awuor aliuliza.

"Chakula."

Wanawake watatu walitazama meza, wakijaribu kuona kuna tatizo gani.

"Kama kungekuwa na kitu mbaya tungesema," Rosa alijibu, akaendelea kumega kipande cha mwisho cha ugali.

Majuma yakapita hivyo. Oketch alipiga hatua bila mtu kuiona. Alimwendea Mchungaji Wechuli akajitolea kushuhudia tena, safari hii juu ya ugali na mboga, kwamba huko ndiko kazi yenyewe iliko. Mchungaji alikuna kidevu.

"Ugali ni wa kila siku, Mzee," alisema. "Watu wanataka kitu cha kuwajenga. Huna kingine cha ile steki?"

Oketch alirudi nyumbani kwa miguu, akafikiri njia nzima. Jioni hiyo aliongea na Rosa, na wakapatana bila ugomvi: baadhi ya siku yeye, baadhi ya siku Rosa, na Jumamosi wageni wale walichokikuta. Vyombo ataosha ambaye hakupika. Rosa alikubali haraka, kwa kuwa tumbo lake nalo lilikuwa limechoka kuvumilia kwa ajili ya haki.

Zamu ya kwanza ya Rosa alipika ngege wa mchuzi, samaki mbichi wa asubuhi ile, na ugali mwekundu wa mtama. Oketch alikula. Mchuzi ulikuwa mzito bila kuwa na unga, samaki ameshikana lakini anaachia mfupa kwa kuguswa tu, na sasa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alijua ni vitu vingapi vilipaswa kwenda sawa ili hilo litokee. Akainua kichwa, akafungua mdomo.

Rosa alimsogezea chumvi. Hakuangalia hata, mkono ulijiendea wenyewe. Katika ndoa yao yote, Oketch hakuwahi kufungua mdomo juu ya chakula alichopika Rosa kwa sababu nyingine.

"Sitaki chumvi," Oketch alisema. "Nataka kusema samaki ni mtamu."

Awuor aliacha kutafuna. Rosa alirudisha tonge kwenye sahani, akamchunguza mumewe usoni, kisha akatazama dirishani, upande ambao gari la shule ya udereva huegeshwa.

"Baba Awuor," alisema kwa sauti ya chini, "umegonga mtu?"

"Hapana."

"Ni gari?"

"Gari iko sawa. Nasema samaki."

Rosa alipangusa vidole. Halafu akainuka, akaenda hadi dirishani, akalichungulia gari upande wa mbele na upande wa nyuma, ndipo akarudi kumaliza chakula chake.