Utepe wa Mheshimiwa

Saa moja asubuhi, siku ya Alhamisi, Edinah alikuwa ameshaipigia magoti mashine yake ya kulalishia wagonjwa. Si kwa maombi; alikuwa anasikiliza kama kuna mpira unaovuja. Akajaribu kifyonza mate, kikakoroma kama mlevi wa siku ya soko Myanga, lakini kikafyonza. Akavuta dawa kwenye sindano nne, akabandika majina. Hapo ndipo akaenda wodini kumwona mgonjwa wake.

Edinah ndiye aliyelalisha wagonjwa wa kupasuliwa katika hospitali ile ndogo ya serikali, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Daktari hupasua na kushukuriwa. Edinah hashukuriwi, maana wakati wa kazi yake wenye shukrani huwa wamelala fofofo.

Mgonjwa alikuwa Kabura, bibi mkulima wa viazi kutoka Kitale, miaka sitini na saba. Shingoni alibeba tezi kubwa kama kabichi. Lilikuwa limembana koo hata akilala chali hewa inakataa kupita, na kwa miaka mitatu amelala ameketi, ameegemea gunia. Juu ya hayo, presha.

"Umekula nini, shosho?"

"Maneno yenu," Kabura akajibu kwa sauti ya kukwaruza. "Hii ni Alhamisi ya nne nafunga. Hata mchungaji wetu hajawahi kufunga hivi, na ana tumbo la kutosha kufungia."

"Na dawa ya presha?"

"Nimemeza na maji kidogo, vile ulisema. Sasa leo mtanikata ama mtanirudisha tena?"

Edinah akatupia jicho koridoni. Alhamisi tatu Kabura alirudishwa kwa sababu ile ile. Koo lililobanwa miaka mingi, likiachiliwa, huweza kulegea na kujifunga. Au damu ivujie ndani, mtu akose pumzi wakati wauguzi wanakunywa chai. Baada ya kupasuliwa ilibidi alazwe penye mashine ya kuhesabu pumzi, na muuguzi wa kumkodolea macho. Wodini hakuna mashine. Na tezi lilikuwa linazidi; wiki hiyo hata akiwa ameketi alianza kukoroma.

Mashine zilikuwepo. Mwisho wa korido, tangu mwezi wa tatu, palikuwa na chumba kipya: vitanda viwili, mashine mbili zingali ndani ya nailoni, oksijeni ya ukutani. Mlango wazi kabisa. Ila umekatizwa utepe mwekundu, maana chumba kilimngoja mheshimiwa aje akifungue. Kitambaa cha shilingi hamsini, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Alimkuta Walubengo, msimamizi wa hospitali, akiunyoosha utepe huo kwa vidole.

"Mkubwa, leo nahitaji kitanda kimoja humo."

"Edinah, bana. Si tuliongea hii mambo? Mheshimiwa hajafungua."

"Atakuja lini?"

"Diary yake imejaa."

"Ya mgonjwa wangu inaisha."

Walubengo akacheka bila kupenda, kisha akakohoa kuficha. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa barua za wakubwa tu, kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Akaangalia huku na huku.

"Sikiza. Si mpite chini yake? Mnainama, mnasukuma kitanda, mnaingia. Utepe msiguse. Mimi sijaona."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Asante, mkubwa," Edinah akasema, akaondoka mbio kabla ruhusa haijapoa.

Kwenye thieta, chumba cha kupasulia, alimwambia Kabura ukweli. "Kulalisha mtu si kazi, shosho. Hata chang'aa inalalisha. Kazi ni kuamsha. Kwa hivyo utakaa macho mpaka mpira wangu wa pumzi uingie kooni. Nikikulalisha kwanza, hilo koo linaweza kujifunga nikiangalia."

"Niketi?"

"Uketi kama uko kwako."

Akamnyunyizia koo dawa ya ganzi, mara moja, mara mbili, akangoja. Akampa oksijeni puani. Kisha, akiwa mbele yake uso kwa uso, akateremsha mpira mwembamba polepole. "Vuta pumzi kama unayenusa nyama choma ya jirani." Kabura akavuta, machozi yakimtoka, mikono ikishika kitanda. Mpira ukapita pale koo lilipobanwa. Kwenye mashine mstari wa pumzi ukainuka, ukashuka, ukainuka. Hapo tu ndipo Edinah akasukuma dawa ya usingizi.

Daktari Muchiri alianza kupasua saa mbili na nusu. Presha ilipanda hadi mia na tisini; Edinah akaishusha kidogo kidogo, kama atiaye chumvi kwenye mboga ya wakwe. Tezi lilipodondoka kwenye beseni, Muchiri akasema, "Viazi vya Kitale hivi!"

Edinah hakucheka bado. Alitoa hewa kwenye puto linaloukaza mpira wa pumzi kooni, akainama kusikiliza kama pumzi inapita pembeni yake. Inapita. Akangoja Kabura afumbue macho, amkaze mkono, ainue kichwa. Akachomoa.

Halafu kikohozi.

"Sema kitu, shosho."

"Njaa," Kabura akasema, na sauti ilikuwa yake.

Wakamsukuma ameketi wima, oksijeni puani. Korido ilijaa watu waliokuja kuona jamaa zao. Mlangoni mwa chumba kipya utepe ulilingana sawasawa na kidonda cha shingo ya Kabura.

"Mlazeni!" Walubengo akaita, akija mbio. "Mlazeni kidogo mpite chini!"

"Halali huyu. Akilala sasa, koo linaweza kujifunga."

"Dakika moja tu, Edinah!"

"Lala wewe, mkubwa, tukusukume wewe."

Akatoa mfukoni makasi ya kukatia plasta. Krip. Utepe ukaanguka, nusu huku, nusu kule. Mama mmoja asiyejua habari, akidhani ndiyo sherehe yenyewe, akapiga vigelegele. Wengine wakadakia, na Kabura, mkono mmoja ukiwa na sindano ya maji, akawapungia watu kwa ule mwingine. Lenah, muuguzi, alikuwa tayari anararua nailoni kwa meno.

Saa kumi jioni barua ilifika kutoka ofisi ya Walubengo, imepigwa muhuri: ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini amefungua mali ya serikali bila idhini. Edinah hakungoja siku saba. Aliisomea pale pale kati ya vitanda viwili, maana cha pili kilikuwa kimepata mama wa kutoka wodi ya uzazi aliyevuja damu nyingi. Akaigeuza, akaandika nyuma yake:

"Kitanda cha kwanza: oksijeni tisini na saba, presha imetulia, amekunywa uji na anaulizia chapati. Kitanda cha pili: damu imesimama, mtoto mzima. Naomba cha tatu."

Akatia sahihi, akampa tarishi airudishe.