Salamu za Mzee Nkuba

Verediana alipanda mlima ule mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila aliposhuka alikuta maneno yale yale kutoka bonde la Usangu: "Dada, mashine yako inakufa."

Inakufa vipi, jamani? Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga ripita ile kileleni, idake sauti za redio koli za wafugaji, kule simu zisikoshika, na kuzirusha upya mpaka Iringa. Alibadilisha waya wa antena. Akabadilisha betri. Akijaribu, "Haloo, mnanipata?" inaitika vizuri tu. Akifika nyumbani, anaambiwa imekufa tena. Clement, mwenyekiti wa chama chao cha wapenzi wa redio, uvumilivu ukamwishia.

"Ijumaa saa sita tunaijaribu mara ya mwisho. Ikikata, tunaishusha, tunawapa wenzetu wa Chunya."

Miaka miwili ya jasho la kuiunda, hivi hivi tu! Siku hiyo Verediana hakula.

Jumatano akaona isiwe taabu, akateremka hadi kwa mzee Nkuba, mfugaji wa Kisukuma aliyelalamika kuliko wote. "Mzee, hebu waite watu wa Iringa nikiona."

Nkuba akabonyeza kitufe. "Mwangaluka, ndugu zangu! Mmeamkaje huko? Watoto hawajambo? Wazee je? Na hiyo baridi yenu? Mvua imenyesha? Mahindi yameota?" Akaendelea, akaendelea. Alikuwa bado kwenye ng'ombe redio ilipokata.

"Si umeona?"

"Sasa mzee, mbona huachii kitufe?"

Nkuba akamshangaa. "Nimkatie mtu salamu katikati? Kwani mimi sikulelewa?"

Lo! Verediana akajishika kichwa. Ni yeye aliyeipangia mashine imkate kila anayezidisha dakika moja, asije mtu akakalia kitufe akawazibia wenzake njia. Antena nzima, betri nzima! Alicheka mpaka akakaa chini, halafu aibu ikamshika kweli kweli, maana mwezi mzima watu wazima walikuwa wakikatwa salamu na mashine yake isiyo na adabu.

Kesho yake akapanda mara ya nne, akaipa dakika tano.

Ijumaa saa sita alikuwa palepale kileleni, redio sikioni. Nkuba akaanza. Watoto wakapita, wazee wakapita, dakika moja nayo ikapita. Verediana anatazama saa. Wakaja ng'ombe, wakaja mbuzi, ukaja hata mguu wa Clement uliovunjika mwaka juzi. Dakika mbili na ushee.

"Basi, ndugu zangu," Nkuba akasema hatimaye, "sina neno. Nilikuwa nawasalimu tu."

Akaachia kitufe.  Verediana akaikandamiza redio sikioni.

"Kamwene, mzee Nkuba!" Ni Clement huyo, kutoka Iringa. Akaitikia salamu zote, moja baada ya nyingine, wala hakuwaruka mbuzi. Akamalizia, "Na wewe Verediana, kama unanisikia, mashine hiyo asiiguse mtu."

Verediana akapiga kigelegele peke yake juu ya mlima, machozi yakimtoka.