Makombo ya Fisi

Profesa alijijengea jina kwa mfupa mmoja. Ulikuwa wa paja la pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, aliuchimba mwenyewe bondeni, na juu yake palikuwa na chale za kisu cha jiwe. Akaandika kwamba binadamu wa kale walikuwa wawindaji shupavu. Mashimo ya meno ya fisi yaliyokuwa kwenye mfupa huohuo hayakumsumbua: fisi, alisema, alikuja baadaye kulamba masazo.

Mkamwana wake, aliyefanya kazi katika maabara hiyohiyo, ndiye aliyeuweka chini ya hadubini mpya. Chale zilipita juu ya mashimo, zikikata kingo zake. Fisi alikula kwanza. Binadamu alikuja kukwangua kilichobaki.

Alimwita mkwewe aone. Mzee aliinama, akatazama weee, kisha akazima taa ya hadubini.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, baba."

"Basi na wewe hujaona."

"Nimeona. Hata wewe umeona."

"Nimekupa mwanangu, nikakupa na kazi," Profesa alisema. "Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Alipofika nyumbani, mumewe alikuwa ameshapigiwa simu. Alisimama mlangoni pa jikoni, tai haijalegezwa.

"Usingeweza kungoja astaafu?"

"Wanafunzi wanafundishwa uongo kila mwaka."

"Ni baba yangu."

"Mimi ni nani?"

Mumewe alichukua mto, akaenda kulala sebuleni.

Mkutano wa idara ulikuwa Ijumaa. Mkamwana alikuwa amepanga kusema kwa upole, lakini Profesa alimtangulia. Aliwaambia wenzake kwamba wapo watu wasioweza kupanda mlima mpaka wakanyage mgongo wa mzee. Walimu wakainamisha macho. Damu ikamchemka mwanamke. Akaonyesha picha ukutani, kubwa, kila chale ikionekana.

"Hawa wawindaji shupavu walikula makombo ya fisi," alisema. "Na miaka yote hii sisi tumelishwa makombo ya Profesa."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Profesa alisimama, ameshika kiti.

"Mfupa nimeuchimba mimi," alisema. "Wewe umekuja kukwangua tu."

Akatoka. Neno lile lilimchoma mwanamke kuliko alivyotarajia, maana halikuwa uongo mtupu.

Idara iliupima mfupa upya, ikamkubalia. Kibao cha maelezo kwenye chumba cha maonyesho kikabadilishwa. Profesa alistaafu kabla ya wakati, bila sherehe. Mume wa mkamwana alirudi chumbani, ila alilala akitazama ukuta.

Siku moja mzee alikuja kumwona mjukuu. Mkamwana alifungua mlango.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimpita kama anayepita nguzo. "Mtoto yuko wapi?"

"Anaoga. Kaa, nikuletee chai."

"Chai nimekunywa kwangu."

Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Mwanamke akaenda kumkausha mtoto, na hakufanya haraka.