Rangi Juu ya Rangi

Fundi rangi hakuwa mtu wa kulipua kazi. Baada ya jiko kushika moto na moshi kutapakaa nyumba nzima, alikwangua masizi, akaosha kuta kwa sabuni, akaziacha zikauke ndipo akapaka rangi. Nyumba ikawa nyeupe pe.

Lakini kila asubuhi bibi mwenye nyumba aliingia, kajifunika koti kubwa la kiume, akainua pua. "Fundi, moshi bado unanuka. Hapa kwenye kona."

Fundi alinusa kona, akasikia rangi tu. Akaipaka tena huku akisonya. Kesho yake kona ikawa ya chumbani, kisha ya ukumbini, hadi yakamfika shingoni.

"Mama, nionyeshe hasa ni wapi."

Bibi akainama mbele yake kumwonyesha, na moshi ukampiga fundi puani. Ulitoka kwenye koti.

Kabla hajasema neno, mkwe wa bibi, aliyekuwa akifuta madirisha, akamvuta pembeni. "Koti la marehemu mumewe," alinong'ona. "Kabatini ndilo pekee lililopona. Hataki lifuliwe, anasema harufu ya mzee itatoka."

"Harufu gani? Linanuka moshi mtupu."

"Mimi najua. Yeye hajui."

Fundi akamtazama bibi, kidole bado kakinyoosha ukutani, kola ya koti imemfika puani. Akaikoroga rangi.

"Mama, umesema kona ipi vile?"