Kadi ya Mtumba

Nyumbani kwetu wanasema nina hasira za karibu. Si kweli. Hasira zangu zinatoka mbali sana, ila hazipumziki njiani. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mtu anayekata kola mia mbili kwa wiki hana muda wa kubembeleza watu. Kola ikipinda naifumua. Mtu akipinda namwambia.

Mdogo wangu alipinda. Jina alilopewa na wazazi hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Spana, kwa sababu tangu akiwa na miaka sita hakuna kitu chenye skrubu kilichosalimika mikononi mwake. Miaka minne iliyopita nilisafiri siku tatu kununua vitambaa, na niliporudi mashine yangu ya ovaloki, ile ya kufungia kingo za nguo, haikuwepo mezani. Spana alikuwa ameiuza. Alikuwa na shida, akasema. Nani hana shida? Nilimfukuza siku ileile. Tangu hapo amepanga chumba upande wa pili wa mji, anatengeneza simu kwenye kibanda, na Mama, ambaye anaishi nami, ananiimbia wimbo mmoja kila asubuhi.

"Mwanangu, mtoto amebadilika. Chumba cha nyuma kimejaa vitambaa tu. Damu nzito kuliko maji."

"Ovaloki nayo ilikuwa nzito, Mama, na aliibeba."

Sasa, jambo jingine ambalo watu hawanielewi: nacheza gemu. Nina miaka arobaini na mbili, na jioni nikishafunika cherehani naendesha magari ya mashindano kwenye kompyuta. Majirani wanacheka. Wacheke. Wenzangu wanasengenya, mimi nakata kona. Kompyuta yangu kongwe ilipokufa niliapa kwamba safari hii sinunui iliyofungwa tayari. Natafuta vifaa kimoja kimoja na kuifunga mwenyewe. Si ya kitajiri, si takataka. Ya katikati. Hapo Mama akapata mwanya.

"Nani anajua vitu hivyo kuliko Spana?"

Siku mbili nilikata kola tu. Siku ya tatu nikatoa sharti: Spana anichagulie vifaa. Kompyuta ikichezesha magari nilivyotaka, atarudi chumba cha nyuma. Nikikuta ujanja hata wa skrubu moja, Mama asinitajie tena jina lake. Mama akakubali haraka mno, kama mtu aliyekwisha kushinda. Hilo nalo liliniudhi.

Tulikutana dukani Jumamosi. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haya, tusipoteze muda."

Macho yangu yalikuwa yamekwisha kuangukia kasha la kioo lenye feni sita zinazowaka rangi zote. Muuzaji akasogea mbio. "Hilo ndilo wanalolichukua wote, mama."

"Kizuri chajiuza," Spana akasema bila kumtazama. "Hilo mmelitundika mlangoni."

"Anayelipa ni mimi," nikamwambia.

"Ndiyo, dada. Lakini taa hazikimbizi gari."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Akanichagulia kasha jeusi lisilo na sura, bati tupu, lenye matundu mbele ya kupitisha hewa. Akaniomba futi yangu ya kushonea, akalipima kwa ndani kutoka nyuma hadi mbele, maana, alisema, watu hununua kadi ndefu ya picha halafu ikagota kwenye feni. Fedha ya taa akaihamishia kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Alipima uzito wa tatu kwa mkono, moja moja, kama mtu anayechagua viazi, na ile ya bei rahisi akairudisha. "Hii ikiungua haifi peke yake, inakwenda na wenzake."

Prosesa, yaani ubongo wenyewe, alichagua ile yenye uwezo mdogo wa kuchora picha ndani yake, ingawa pembeni kulikuwa na pacha wake wa bei ya chini asiyekuwa nao. "Kadi ikija kufa siku moja, skrini isikuzimikie kabisa. Utaendelea na kazi zako." Kila kitu alikuwa na sababu yake, na kila sababu niliigeuzageuza nikitafuta tundu.

Ikabaki kadi ya picha, kile kifaa kinachochora gemu lenyewe. Muuzaji alipotaja bei yake nilicheka kwa hasira. Ilikuwa karibu nusu ya fedha zote.

"Usinunue hapa," Spana akaninong'oneza. "Kuna jamaa anauza yake, ameitumia mwaka mmoja. Ina nguvu kuliko hii na bei ni ndogo kuliko hii. Nipe hela, kesho nakuletea."

Nipe hela. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa na nyoka huyuhuyu. Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Kisha nikazitoa hela, kama mtu anavyoweka nyama kwenye mtego wa panya.

Kesho yake akaileta kadi imefungwa kwenye gazeti, pamoja na karatasi mbili alizoandika kwa mkono: hatua za kufunga, moja baada ya nyingine. Alitaka kuifunga yeye. Nikakataa. Mkono wake hautagusa kitu ndani ya nyumba yangu mpaka nijue.

"Sawa," akasema. "Jumapili ijayo saa kumi nitakuja na mizigo yangu. Utakuwa umemaliza."

Niliifunga asubuhi ya Jumapili hiyo ya ahadi, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Sitasema uongo, ilikuwa raha. Vidole vilivyozoea sindano haviogopi skrubu ndogo. Prosesa ilikaa mahali pake kwenye ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote, bila kulazimishwa, nikaipaka dawa ya kupitisha joto kiasi cha punje ya dengu, feni ikapanda juu, kadi ikaingia kwa mlio wa tak. Mstari wa mwisho wa karatasi ya pili ulisema: "Waya wa skrini niachie mimi." Nikasonya. Miaka ishirini nachomeka pasi, cherehani na redio, leo waya wa skrini unataka mtaalamu? Nikauchomeka kwenye tundu la kwanza lililoukubali, nikawasha.

Skrini ikawaka. Nilipiga ukelele mpaka Mama akaja mbio na mwiko mkononi. Nikamkumbatia na mwiko wake.

Saa nane gemu lilikuwa limekwisha kuingia. Nikakaa, nikashika usukani wangu wa plastiki, taa za kuanzia zikazimika. Gari langu likatoka kwenye mstari, likasimama hewani, likaruka mbele, likasimama tena. Nikapunguza ubora wa picha, barabara ikawa uji, na bado lilikuwa likikwamakwama. Ile kompyuta kongwe iliyokufa ilikuwa inakimbia kuliko hii.

Sikujiuliza mara mbili. Kila kifaa kingine nilikinunua kwenye boksi, mbele ya macho yangu. Kimoja tu kilikuja kwenye gazeti. Amenunua gofu la kadi, amelifuta vumbi, na hela iliyobaki ameitia mfukoni. Nilihisi joto likipanda kutoka miguuni. Mama akasema tumsubiri, aje atueleze. Nikamwambia hata ovaloki ilikuwa na maelezo.

Saa kumi kamili Spana akaingia getini na godoro kichwani na begi mgongoni. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi. Wapangaji wa vyumba vya mbele walikuwa uani wanafua. Vizuri, nikasema moyoni, mashahidi wapo.

"Mwizi mkubwa wewe! Unathubutu kuja na godoro?"

Akasimama. "Dada, imefanya nini?"

"Imefanya ulivyoifanya! Umeniletea kadi mfu, hela yangu umeila!"

"Niruhusu niione. Dakika mbili tu."

"Dakika mbili uondoke na nini tena? Cherehani imebaki moja!"

Mpangaji mmoja akacheka, na kicheko chake kikanitia nguvu. Nikataja ovaloki. Nikataja chaja ya jirani iliyopotea mwaka ule, ambayo sina hakika nayo mpaka leo. Nikataja hata redio ya marehemu baba, aliyoifumua akiwa na miaka saba. Nilisema mpaka sauti ikakwaruza, na Mama akawa ananivuta mkono, "Mwanangu, hasira hasara, mwanangu," na mimi najinasua.

Spana alinitazama usoni muda mrefu, godoro likiwa bado kichwani, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akageuka. Godoro likagonga nguzo ya geti, akaliweka sawa, akaenda zake. Mama aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Siku hiyo hakula, na Jumatatu hakunisemesha.

Jumanne nikaibeba kompyuta mpaka dukani. Nilitaka fundi wa pale aniandikie kwenye karatasi kwamba kadi ni mbovu, niende nayo kwa huyo jamaa, na ikibidi polisi. Fundi alikuwa kijana mnene mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi. Akachomeka waya zake, akawasha, akafungua gemu langu. Gari likatoka kwenye mstari kama limefukuzwa. Barabara iling'aa, na matone ya mvua niliyaona kwenye kioo, moja moja.

"Kadi nzuri hii, mama. Umeipata wapi?"

"Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Kwani nyumbani skrini ulichomeka wapi?"

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka miwani ikamshuka. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu mawili yanayofanana: la juu la ubao mama, la chini la kadi. Nilikuwa nimechomeka la juu. Kadi ilikaa humo ndani haina kazi, na gemu lilichorwa na ule uwezo mdogo wa prosesa, ule alioung'ang'ania Spana ili skrini isinizimikie.

"Ungenunua prosesa isiyochora picha, skrini isingewaka kabisa," fundi akasema. "Ungejua kosa palepale."

Nikamwambia afunge mdomo wake. Nilimchukia. Nilimchukia na aliyebuni matundu mawili kama mapacha. Nilimchukia na Spana: kwa nini asiandike? Maneno manne tu, juu hapana, chini ndiyo. Nikalishikilia hilo, lakini halikushikika. Alikuwa ameandika nimwachie. Ananijua dada yake. Angeandika chini, ningechomeka juu ili nimwonyeshe.

Hakuna aliyejua ila mimi na fundi yule. Ningeweza kumwambia Mama kwamba kadi ilikuwa imelegea, imekazwa, yameisha. Nililifikiria hilo kwa urefu wa mtaa mzima, nasema ili mnijue. Kisha nikaiacha kompyuta kwa fundi, nikaenda kibandani kwa Spana.

Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Yeye ameinama juu ya simu iliyofunguliwa, moshi mwembamba wa risasi ya kulehemu ukimpita puani. Nilikuwa nimejiapiza njiani: nilimtukana mbele ya watu, nitajirudi mbele ya watu. Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti ileile ya Jumapili.

"Huyu si mwizi! Mimi ni dada yake, nilimtukana bure! Kadi ni nzima, waya nilichomeka vibaya mimi!"

Wateja wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari za wizi. Mmoja akanyoosha mkono, akachukua simu yake mezani na kuitia kwenye mkoba.

"La juu?" Spana akauliza bila kuinua kichwa.

"La juu."

"Nilihisi."

"Ulihisi ukanyamaza?" Hasira zikarudi mbio na mimi nikazikaribisha. "Ungesema palepale getini! Mama hali, hasemi, na wewe uko hapa umetulia na visimu vyako!"

"Niliomba dakika mbili, dada."

"Basi yamekwisha. Chumba ni chako. Chukua godoro twende."

Akaweka chini chuma chake cha kulehemu, akafuta mikono kwenye suruali, na ndipo akanitazama.

"Ovaloki niliiuza. Hilo sijakataa, na ukinisema kwa ovaloki mpaka nizeeke ni haki yako. Lakini Jumapili nilikuwa nakuangalia usoni. Mtu akiibiwa na ndugu yake anaumia. Mwaka ule uliumia, nilikuona, ulikaa chini sakafuni hukusema neno. Jumapili hukuumia, dada. Ulifurahi."

"Mimi? Nifurahi kuibiwa?"

Nilifungua kinywa nimmalize. Maneno sijawahi kuyakosa. Lakini nilikumbuka kwamba nilikwenda kusimama karibu na geti robo saa kabla ya saa kumi, nimejifunga kitambaa kichwani vizuri, nikiwatazama wanaofua nione kama wanatosha. Nilikumbuka lile joto lililopanda nilipoona gari linakwama, na lilikuwa tamu. Miaka minne nilikuwa nangoja mtu anithibitishie kwamba sikukosea kumfukuza.

"Ndiyo," nikasema. "Nilifurahi."

Wateja walikuwa wanatazama viatu vyao. Spana akaitikia kwa kichwa, taratibu, bila ushindi wowote usoni.

"Sasa Mama nimwambie nini?" nikauliza.

"Mwambie siji. Na sababu mwambie hivyo hivyo ulivyosema."

Akachukua simu iliyofuata mezani, akauliza ni ya nani.